Barua Kumi na Moja na Shimo Nisilolifunua

Namshukuru Mungu Baba, aliyetenga maji na nchi kavu kabla ya kumpa mwanadamu kazi yoyote, na ambaye amenivumilia kuliko mimi nilivyowavumilia wengine. Yeye ndiye aliyenifikisha kwenye pensheni, magoti mabovu lakini akili bado nzima. Ninawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi za mikono, na ninaandika nikiwa na hasira kidogo. Atanisamehe.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema sana, na ovaroli mpya iliyonikwaruza shingo. Kampuni niliyoitumikia, ambayo jina lake nitaliacha, ilikuwa na idara yake ya maji hapa Lubumbashi. Shefu wa Sekta, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, hakunionyesha bomba hata moja. Alinionyesha kitabu. Kila kazi ilianza na bon, yaani karatasi ya kuagiza kazi, yenye sahihi mbili. Bila bon, fundi hakuruhusiwa hata kukaza skrubu.

Juma la pili nilipita mbele ya nyumba moja ya kambi ya wafanyakazi, nikaona bomba la uani linamwaga maji. Nilitoa spana, nikalikaza, nikaendelea na safari. Kazi ya kupiga chafya mara mbili. Kesho yake niliitwa ofisini.

"Ni nani alikutuma?" Shefu aliniuliza.

"Hakuna mutu, Shefu. Mayi ilikuwa inapotea."

"Ile mayi ni ya baba yako?"

"Hapana, Shefu."

"Bon iko?"

"Haiko, Shefu."

"Basi, ungeacha ipotee."

Nilisimamishwa kazi siku tatu, na nikaandika demande d'explication, ile barua ambayo mfanyakazi hujieleza kosa lake kwa unyenyekevu mwingi. Niliporudi nilikuwa nimefundishika. Nilianza kupita kando ya mabomba yaliyopasuka nikitazama mawingu.

Na wakaaji wa nyumba za kampuni hawakuwa bora kuliko sisi mafundi. Kampuni iliwabadilishia balbu, iliwapaka rangi milango, iliwatengenezea makufuli. Kwa miaka hiyo yote hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu, na mwishowe hakuna aliyetaka. Namkumbuka mzee mmoja, fundi wa mashine kubwa za mgodini. Mtu huyo aliweza kufungua injini ya lori la mgodi na kuirudisha bila kubakiza hata nati moja. Bafuni kwake kulikuwa na uvujaji mdogo ambao alikuwa ameuwekea beseni kwa mwaka mzima. Mkewe ndiye aliyekwenda kumwaga beseni.

"Lakini Baba," nilimwambia, "weye si mekanisien?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Ku kazi niko mekanisien. Ku nyumba niko locataire, mupangaji tu."

Nilicheka njia nzima kurudi ofisini. Ningejua jinsi kicheko kile kitakavyonirudia, ningefunga mdomo.

Baadaye nilipelekwa Kilwa, kwenye Ziwa Moero, nikiwa shefu wa kituo cha maji. Cheo kilikuwa kikubwa, kituo kilikuwa kidogo: pampu moja ya dizeli, tangi moja juu ya mlima, na mabomba machache yaliyoshuka hadi mjini. Barabara ya kutoka Lubumbashi mnaijua. Wakati wa mvua lori lililala njiani siku nyingi kuliko zile lilizotembea. Hakukuwa na simu za mkononi. Tulikuwa na fonia, redio ya kuzungumza na makao makuu, na ilisikika vizuri pale tu ulipokuwa huna la kusema.

Shida ya Kilwa ilikuwa moja. Maji yalifika sokoni, yalifika kwenye ofisi za serikali, lakini hayakufika kwenye nyumba ya kujifungulia, ile tuliyoiita maternité. Kabla yangu, mkaguzi kutoka makao makuu alikuwa amekuta bomba la huko linavuja. Alifunga vanne, yaani kifungio kikubwa kilichomo ndani ya shimo lenye mfuniko wa chuma, akapitisha waya, akaupiga muhuri wa madini ya risasi. Muhuri ule ulikuwa sheria: ukiukata bila mkaguzi, kazi umepoteza. Fundi aliyenitangulia aliziba uvujaji katika juma lile lile. Mkaguzi hakurudi kutoa muhuri.

Basi mimi nikaandika. Barua ya kwanza ilikuwa na adabu, ya pili ilikuwa na adabu na mchoro. Kwenye fonia nilijibiwa neno moja: "Andika." Niliandika barua kumi na moja katika miaka miwili, na nakala za zote nilizihifadhi kwenye faili zuri la kijani. Kila nilipoandika nililala vizuri, kama mtu aliyefanya kazi.

Wakati huo, shangazi na mama wakwe wa wanawake waliojifungua walishuka ziwani na ndoo, wakapanda nazo kilima hadi maternité. Ziwa pale ukingoni ndiko watu walikoosha samaki na mitumbwi, na kila kitu kingine. Maji yakifika juu yalikuwa nusu ndoo, na wakati mwingine mtoto alikuwa ametangulia kufika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojikasirikia hadi leo. Mimi nilikuwa msomaji wa maombi ya waamini kanisani. Kila Dominika nilisimama mbele ya watu wa Mungu, suruali imepigwa pasi, nikasema: "Kwa ajili ya mama zetu wa maternité, ili Bwana awapatie maji, tuombe." Na watu wote waliitikia, "Ee Bwana, utusikie." Funguo ya kufungulia vanne ile ilikuwa nyumbani kwangu, nyuma ya mlango. Miaka miwili nimewaombesha watu maji, na funguo ninayo mimi. Sijui Mungu alikuwa anatutazama kwa uso gani.

Nilikuwa naita hali ile uvumilivu. Nilisema msalaba wangu ni kungoja.

Aliyenikatiza ni Mama Ngoie, mkunga mkuu wa pale, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya pili. Asubuhi moja aliingia ofisini kwangu bila kubisha. Mikono yake ilikuwa na damu hadi kwenye viwiko, na damu ilikuwa imeanza kukauka. Aliinyoosha juu ya meza yangu, juu ya barua ya kumi na mbili niliyokuwa naianza.

"Baba, mama moja amezaa, mwengine iko njiani. Ninawe na nini?"

"Mama Ngoie, nimeandika tena. Mara hii nimemwandikia mukubwa wa..."

"Ninawe na barua?"

Niliweka kalamu chini.

"Nionyeshe iyo kintu unaogopaka," alisema. "Miaka mbili unatuambia muhuri, muhuri. Iko na meno? Twende nione."

"Hairuhusiwe kufungua hata mufuniko, Mama. Sheria inasema..."

"Weye uliisha kuiona?"

Swali lile lilinipiga. Sikuwa nimeuona. Nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa juu ya muhuri ule, nimechora mahali ulipo, na macho yangu hayakuwa yameingia katika shimo lile hata siku moja.

Tulikwenda. Yeye alitangulia, mikono ameinyanyua mbele kama padri anayebariki, na watu wa sokoni walitupisha njia. Mfuniko ulikuwa umeshikwa na udongo. Niliuinua kwa chuma. Ndani mlikuwa na matope, vyura wawili, na vanne. Waya haukuwepo. Ulikuwa umeliwa na kutu, labda mwaka mzima, labda zaidi. Nilitia mkono katika matope nikatoa kidonge cha risasi, kidogo kama punje ya haragwe, jina la kampuni bado linasomeka.

Mama Ngoie alikitazama kiganjani mwangu. Nilingoja acheke, nilitamani acheke.

"Ni iyi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Baba, ni iyi tu?"

Mnadhani niliruka nikafungua? Hapana. Aibu kubwa ni hii: nilianza kufikiri jinsi ya kuandika barua kueleza kwamba muhuri umeanguka. Mwili wangu ulikuwa umekwisha kugeuka kuelekea ofisini.

"Unaenda wapi?" aliuliza.

"Kuchukua..." nilisema, na sikujua namalizaje. Kisha nikasema, "Kuchukua funguo."

Funguo ile ni fimbo ndefu ya chuma yenye mkono wa kupita juu, kama msalaba. Vanne iligoma, maana ilikuwa haijazungushwa kwa muda mrefu. Niliimwagia dizeli, nikangoja inywe, nikaisukuma robo mzunguko mbele, robo nyuma. Ilipokubali, maji yalirukia usoni mwangu kutoka juu yake. Nyuzi zinazozungushwa kwenye shingo ya vanne ili kuzuia maji, ambazo sisi huziita étoupe, zilikuwa zimeoza. Étoupe ya kampuni ilikuwa Lubumbashi. Nilifunga tena, nikaomba kwa mvuvi mmoja uzi wa kushonea nyavu, nikaupaka nta ya mshumaa, nikausokota shingoni mwa vanne, nikakaza. Hakuna aliyenifundisha hilo. Halikuwa katika kitabu cha Shefu. Nilifungua, na uzi ulishika.

Huko maternité bomba lilikohoa, likatoa kutu, likatoa udongo, halafu likatoa maji. Mama Ngoie hakunishukuru. Alinawa mikono, akainawa tena, akaingia ndani kwa yule aliyekuwa njiani.

Kwenye fonia, siku ile ile, nilisema kwa mara ya kwanza sentensi isiyo na ombi ndani yake: "Nimefungua vanne ya maternité." Niliitwa Lubumbashi. Aliyenipokea ni yule yule Shefu wa Sekta wa siku yangu ya kwanza, sasa Shefu wa Divisheni, na kalamu zilikuwa nne.

"Ni nani alikutuma?"

"Hakuna mutu, Shefu. Ni miye."

"Unajua inabidi nikuandikie blâme?"

"Ninajua, Shefu. Andika."

Sikukusudia kumrudishia lile neno la fonia, lakini alilisikia. Aliandika karipio lile, likaingia katika dosie yangu, likanizuia kupanda daraja mara mbili. Kisha aliuliza, akitazama dirishani, "Na mayi? Ilifika?" Nilipomwambia imefika, alivuta mtoto wa meza, akanionyesha rundo la barua zangu. Chini yake kulikuwa na barua zake mwenyewe, za kuwaandikia walio juu yake, juu ya barua zangu. "Miye pia nilingojaka," alisema. Mtu mkubwa vile! Nilitoka mle nikiwa nimekasirika kuliko nilivyoingia, maana sasa sikuwa na wa kumkasirikia.

Sikupona ugonjwa huo wa kungoja kwa siku moja. Posti yangu ya mwisho ilikuwa Ruashi, hapa hapa Lubumbashi, ambako watu wanajijengea nyumba wenyewe, na mara nyingi nilijikuta nasimama mbele ya bomba nikitafuta kwa macho mtu wa kuniruhusu. Ilinibidi nianze kila asubuhi na kitu kimoja kidogo ambacho kiko katika uwezo wangu, nikimalize kabla ya kugusa karatasi. Niliwafundisha wenye nyumba kukata kipira cha kuzuia bomba lisivuje kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Wengi walisema, "Baba, njoo tu ufanye weye." Nilikataa. Niliwapa mkasi. Waliniona mtu wa roho mbaya.

Leo niko kwangu, mtaa wa Makomeno, na uvumilivu nausoma upya katika Maandiko. Wale wote waliosifiwa kwa kungoja, walingoja wakiwa na taa mkononi na mafuta ndani yake. Kungoja kwangu kulikuwa giza tupu.

Mwaka jana simu ililia. Ni mkunga mpya wa Kilwa, binti ambaye sijawahi kumwona; Mama Ngoie, kabla ya kustaafu, alimwachia namba yangu.

"Baba, samahani, vanne inamwanga mayi kwa juu. Tuandikie nani barua?"

Nilipaza sauti hadi majirani walitoka. "Barua! Barua ya nini, mwana wangu? Spana iko?"

"Iko, Baba. Lakini miye ni accoucheuse, haya mambo..."

"Iko mukononi?"

"Iko mukononi."

"Shuka mu shimo."

Nilimsikia akishuka. Nilimsikia akiogopa vyura. Nilimwambia nati ipi, akaze upande gani, robo mzunguko, angoje, robo tena. Nilisikia maji yakipiga kelele, kisha kelele ikapungua, kisha nikasikia pumzi yake peke yake.

"Baba," alisema, "imenyamaza. Nimeifanya miye."

Nawe uliyesoma hadi hapa, Bwana abariki mikono yako uliyonayo leo, si ile unayongoja kupewa. Akupe macho ya kutazama ndani ya shimo, na akusamehe haraka siku ulizopita kando. Amina.