Mdogo Wake Bi Jeomrye

Bi Jeomrye wa Goheung, pwani ya kusini mwa Korea, hakuwa mtu wa safari. Maisha yake yalikwenda kati ya shamba la vitunguu saumu na ufuko wa kubandua chaza. Lakini mdogo wake Malsun, aliyehamia kwa mwanawe huko Incheon baada ya kufiwa na mume, alikuwa hapatikani tena kwenye simu. Kila Bi Jeomrye akipiga, alipokea mpwa wake Gyucheol, huyo mwana wa Malsun. Mara mama amelala, mara mama yuko bafuni.

"Mtoto wa mkulima alale mpaka saa nne asubuhi?" Bi Jeomrye alimwambia mwanawe Dongsik. "Washa gari."

Wakapakia chaza na kimchi mpya, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, wakaondoka watatu: yeye, Dongsik na mkewe Miryeong.

Walipofika Incheon, Gyucheol, aliyearifiwa kuwa wanakuja, alikuwa amewaandalia meza ya kifalme, nyama na samaki na matunda yaliyomenywa. Bi Jeomrye hakugusa hata kijiti cha kulia.

"Malsun yuko wapi?"

"Kula kwanza, mama mkubwa."

"Sikuja kula."

Akainuka, akafungua mlango wa chumba cha mdogo wake. Hakukuwa na godoro wala kabati. Palisimama mashine ya kukimbilia, imetundikwa nguo mbichi.

"Analala juu ya hii?"

Gyucheol akainamisha kichwa. Mama yake yuko kwenye nyumba ya wazee tangu majira ya kuchipua. Yeye na mkewe wanashinda kazini, na mama alikuwa anasahau jiko likiwaka.

"Nilikubeba mgongoni mwaka mzima, mama yako alipougua," alisema Bi Jeomrye. "Ukashindwa kuniambia?"

"Niliogopa utakasirika."

"Basi uliogopa sawasawa. Twende."

Malsun walimkuta kitini dirishani. Yule mwanamke aliyekuwa hamruhusu mtu kumshika kishungi chake cha nywele, nywele zake zilikuwa zimekatwa hadi karibu na ngozi. Bi Jeomrye akamgeukia mhudumu.

"Nani kamfanya hivi?"

"Ni rahisi kuosha, bibi," mhudumu alijibu kwa upole. "Wote tunawakata."

"Kondoo ndio wananyolewa bila kuulizwa."

Malsun akageuka, akamtazama kwa muda. "Dada? Gyucheol alisema hutaki kusumbuliwa."

Bi Jeomrye akamgeukia mpwa wake. Gyucheol alikuwa anatazama viatu vyake.

"Malsun, chukua koti lako. Tunakwenda kwetu. Unataka?"

"Nataka."

Dongsik akamvuta mama yake kando. "Mama, tufikirie. Wewe mwenyewe mgongo unakuuma. Nani atamtunza?"

Aliyejibu ni Miryeong, ambaye njia nzima alikuwa akisemwa na mama mkwe, mara amefunga vyombo vibaya, mara ameketi vibaya. "Chumba cha nyuma kina joto," alisema. "Na jikoni niko mimi. Kama wewe huwezi, kaa pembeni."

Dongsik akaenda kuwasha gari. Gyucheol akatia saini karatasi zote za kumtoa mama yake, bila kubisha.

Kwenye maegesho alipiga magoti mbele ya Bi Jeomrye. "Nisamehe, mama mkubwa."

"Kamwombe uliyemkosea."

Akasogea kwa mama yake akiwa bado amepiga magoti. Malsun akampapasa kichwa. "Umekonda, mwanangu. Umekula?"

Neno hilo lilimchoma Bi Jeomrye kuliko yote ya siku ile. Aliingia garini, akafunga mlango kwa kishindo.

Siku hizi Gyucheol huenda Goheung kila mwezi. Malsun humchagulia samaki mnono, nywele zake zikiwa zimeanza kufika shingoni. Bi Jeomrye humwekea mpwa wake chakula mezani, kwa kuwa mgeni hanyimwi. Ila kumsemesha, bado.