Digrii, Cheti na Soksi Yangu ya Kushoto

Mimi ndiye yule wa soksi. Nasema mapema ili tusipotezeane wakati, kwa sababu pale shuleni kuna watu wanaeleza hii hadithi kana kwamba walikuwa ndani ya kiatu pamoja nami, na kila wakieleza, shimo la soksi linaongezeka ukubwa (lilikuwa la kidole kimoja tu, la kawaida, hata wewe unalo). Niliaibika, nakubali, niliaibika kiasi cha kutosha ukoo mzima na ikabaki ya kuwapa majirani. Lakini wacha nieleze mwenyewe, kwa sababu haikuanza na soksi. Ilianza na waya wa buluu.

Kaka yangu Ebei ni mtu wa mitandao, na simaanishi mitandao ya kuweka picha za chakula, namaanisha ile ya nyaya. Alipomaliza kidato cha nne alisomea kozi hapa mjini, akafanya mtihani wa cheti cha kwanza akapita, na siku hizi duka likipoteza intaneti hapa Isiolo wanampigia Ebei kabla hawajawapigia wenye intaneti. Alikuwa anataka kufanya mtihani wa cheti cha pili, ule mgumu wenyewe, halafu aajiriwe. Shida ni kwamba barua ya chuo kikuu nayo ilikuwa imefika, digrii ya mambo hayohayo, miaka minne, na jibu lilitakiwa kufikia Ijumaa. Mama alitaka digrii kwa sababu ya joho (ukuta wa sebule ameshaupima, anajua picha itakaa wapi). Ebei alitaka cheti. Baba, ambaye hukaa na mbuzi zake kule Gotu na huja kwetu Chechelesi, hapa mjini, kukiwa na jambo, alisema yeye atasikiliza kwanza.

Na mahali pa kusikiliza palipatikana. Jumatano ya wiki hiyo shule yetu ilikuwa na siku ya kazi na masomo, wazazi wamealikwa, wageni wawili wa kuzungumza juu ya kazi za mtandao: mmoja wa cheti, naye ni Ebei, kwa vile alisoma hapo, na mwingine wa digrii, Injinia Rashid, kijana wa familia ya malori hapa mjini ambaye sasa anafanya kazi Nairobi. Emsii wa siku hiyo, yaani mshereheshaji, nilikuwa mimi. Mwalimu Kinoti wa kompyuta ndiye alinichagua, akasema kama ni lazima niongee, afadhali niongee nikiwa na ruhusa.

Sasa, Ebei ana tatizo moja. Akiongea na waya yeye ni wakili, akiongea na watu yeye ni waya. Nilimwona asubuhi akifanya mazoezi mbele ya kioo, amevaa shati ya kuazima, anajiambia "hamjambo wazazi" mara ya nne na bado anajikwaa kwa "wazazi". Nikajua tumeisha. Huyu Rashid atakuja na suti na picha za projekta, baba atatazama huyu, atatazama yule, na Ijumaa Ebei atakuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kwa lazima. Ndipo nikapata wazo (na huwa napenda mawazo yangu, hilo ndilo kosa langu): mtu hahitaji kuongea kama kuna kitu kimeharibika. Kitu kiharibike kidogo tu, Rashid akwame, Ebei ainuke, arekebishe kwa dakika moja, baba aone kwa macho yake.

Kwa hivyo kabla wageni hawajafika nikaingia maabara ya kompyuta, nikachukua ufunguo wa kabati la mtandao pale unapotundikwa, kwa msumari juu ya meza ya Mwalimu Kinoti. Lile kabati ni la chuma, lina kidirisha cha kioo, na ndani kuna vitu viwili: ruta, ambayo inaleta intaneti kutoka nje, na chini yake kisanduku cha mashimo mengi wanachokiita swichi, ambacho kinagawa ile intaneti kwa maabara, ofisi na chumba cha walimu. Vimeunganishwa na waya mmoja wa buluu. Nilichagua huo wa buluu kwa sababu ulikuwa peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote ya mtandao siku hiyo, rangi.

Nikauchomoa kwa ruta. Safi. Halafu nikasikia viatu vya Mwalimu Kinoti kwenye veranda. Waya unaning'inia, mtu yeyote akichungulia kwa kioo atauona, kwa hivyo nikausukuma ndani ya shimo la kwanza lililokuwa karibu, nikafunga kabati, nikaruka hadi benchi ya mbele nikaanza kupanguza vumbi ambalo halikuwepo. Mwalimu akaingia, akakaa. Wapi? Chini ya ule msumari. Na hakuinuka tena mpaka wageni walipofika. Sketi yetu ya shule haina mfuko (aliyeishona hakufikiria wezi), na ule ufunguo ni wa kufuli kubwa, umefungwa na kibao ili usipotee. Nikainama kama mtu anafunga kamba ya kiatu, nikauingiza ndani ya soksi ya kushoto, kibao chini ya kisigino.

Saa nne wazazi wakajaa. Baba alikaa mbele kabisa, na fimbo yake na kigoda chake, kwa sababu viti vya shule havimwamini naye haviamini. Rashid akasimama, suti ya kijivu kweli, akasema, "Salaam aleikum, na habari zenu nyote," akabonyeza kompyuta afungue picha zake ambazo amezihifadhi huko kwenye intaneti. Kwa ukuta kukatokea duara linalozunguka. Likazunguka. Wazazi wakalitazama kwa heshima, wengine nafikiri walidhani ndiyo somo lenyewe.

Nikamwangalia Ebei, nikamkonyeza. Ebei akainuka, moyo wangu ukapiga vigelegele. Halafu karani wa ofisi akatokea mlangoni akasema ofisini pia hakuna kitu, na chumba cha walimu pia, na Madam Prinsipo, mkuu wetu wa shule, alikuwa katikati ya kusajili watahiniwa wa mtihani, siku ya mwisho ni leo. Mimi nilikuwa nimepanga kuharibu projekta. Nilikuwa nimeangusha shule.

Madam Prinsipo akaja mwenyewe. Akasimama mbele ya kabati, akatazama kioo, akasema polepole, "Kama kuna mwanafunzi ameshika hili kabati, apange mkoba wake aende nyumbani sasa, asingoje kengele."

"Ufunguo hauko," Mwalimu Kinoti akasema, akipapasa msumari kana kwamba ufunguo umegeuka kuwa mdogo. "Asubuhi ulikuwa hapa."

Ufunguo wa pili anao naibu wa Madam, na naibu alikuwa Meru kwa matanga. Fundi wa kuchomelea alipigiwa simu aje avunje, akasema yuko njiani, na sisi sote tunajua fundi akisema yuko njiani anatafuta shati.

Sasa niambie, ningefanya nini? Plani yangu ilikuwa Ebei akiuliza ufunguo mimi niuokote mahali, "huu hapa!", lakini baada ya lile neno mkoba sikuokota kitu. Nikaomba ruhusa ya choo, nikautupe huko nje. Madam akasema, "Emsii haendi choo. Changamsha wazazi." Kwa hivyo nilichangamsha wazazi. Nilitembea mbele, kushoto kulia, nikitoa vichekesho, na kila hatua ya kushoto kile kibao kinanikumbusha dhambi zangu. Rafiki yangu Halima, benchi ya pili, ambaye hana huruma, akaninong'oneza, "Akiru, unacheza dansi gani?"

Nyuma yangu wale wataalamu wawili walikuwa wanafanya kazi kwelikweli. Walizima umeme wa shule wakawasha tena (hiyo ndiyo tiba ya kwanza, digrii na cheti wanakubaliana hapo). Ikakataa. Ebei aliandika amri kwa kompyuta tatu tofauti, akaenda mbio ofisini akarudi, akasema kwa sauti ndogo, "Ruta ni nzima, taa yake inaonyesha. Shida iko hapo chini yake, ndani ya kabati. Nifungulieni nitatoa." Rashid akachungulia kwa kioo, taa za ile swichi zote zinapepesa pamoja, haraka, bila kupumzika. Akachora kisanduku ubaoni, akachora mshale unatoka na kurudi palepale.

"Nafikiri kuna mzunguko," akasema. "Waya umetoka kwa swichi ukarudi kwa swichi hiyohiyo. Ujumbe unatoka, unarudi, unatoka tena, unazidi kuwa mwingi mpaka kila kitu kinakwama."

Baba akainua fimbo. "Kijana. Ni kama mbuzi inatoka mlango hii inaingia ile, na mtu iko katikati inahesabu?"

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Hiyo haiwezi isha."

"Haiishi, mzee."

Baba akatikisa kichwa, ameridhika na mtandao. Halafu akageuka akanitazama. Hakutazama uso. Baba hana mazoea ya kutazama uso, ametazama miguu ya mbuzi miaka yote, na mbuzi mia zikipita yeye anajua ni gani ina mwiba.

"Hii mtoto inachechemea," akasema.

Nikasema nimeumia michezo, baba.

"Asubuhi nimekuja na wewe kutoka nyumbani. Ulikuwa unatembea mzuri. Kuja."

"Baba, mimi ni emsii."

"Kuja hapa, emsii."

Nikaenda. Rashid bado ameshika chaki. Baba akaweka fimbo chini, akaushika mguu wangu wa kushoto kwa nyuma, akaukunja juu ya goti lake vile mtu anakunja mguu wa mbuzi, mimi nimesimama na mmoja nikishikilia bega lake, nikitazamana uso kwa uso na wazazi wa kidato cha tatu chote. Akatoa kiatu. Kidole gumba kikasalimia watu. Kulikuwa na harufu, sitadanganya, ilikuwa Jumatano na zile soksi zilianza kazi Jumatatu. Mama mmoja wa mbele alivuta leso yake mpaka puani, kwa adabu. Baba hakusumbuka, akapapasa kisigino, akabonyeza, akasema, "Iko kitu," akaivuta soksi polepole, na ufunguo ukaanguka sakafuni na kibao chake. Kimeandikwa KABATI, kwa wino mwekundu.

Halima ndiye alianza kucheka. Simsamehei.

Mwalimu Kinoti akafungua. Ebei na Rashid wakainama pamoja, vichwa vikagongana, Ebei akafuata waya wa buluu kwa kidole, akauchomoa kwa swichi, akaurudisha kwa ruta. Haikuchukua muda wa kuvaa soksi, najua kwa sababu nilikuwa navaa. Taa zikatulia. Karani akapiga kelele kutoka ofisini kwamba watahiniwa wanaingia.

Madam Prinsipo akaniambia kwa kawaida angenituma nyumbani nilete mzazi, lakini anaona mzazi ameshaletwa. Kwa hiyo akanipa nusu muhula kufagia maabara, na mkoba wangu ukabaki kwenye dawati.

Halafu baba akasimama. Ebei alikuwa anapanguza mikono.

"Huyu kijana ya digrii," baba akasema, "imejua jina ya ugonjwa na mlango imefungwa. Huyu yangu imejua mahali ya kushika. Mimi nataka mtu moja iko na zote mbili. Ebei, utaenda chuo. Na huo mtihani ya cheti utafanya wakati chuo imefunga."

Kwa maneno mengine, kaka yangu aliyetaka kukwepa miaka minne amepata miaka minne bila likizo. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo hata na Madam.

Lakini hiyo siyo sehemu inayoniuma. Muda wa wageni ulikuwa umekwisha, na wazazi wakianza kutoka, Rashid alikuwa bado anakusanya vitu vyake, na zile picha zake sasa zikafunguka zenyewe ukutani, moja baada ya nyingine, hakuna mtu anatazama isipokuwa mimi na ufagio wangu mpya. Ya mwisho ilikuwa na maneno machache: nilimaliza digrii, nikakaa nyumbani bila kazi, nikafanya mtihani wa cheti, ndipo nikaajiriwa, wazazi, mtoto akitaka kuanza na cheti, mruhusuni.

Nikasoma mara mbili. "Hii ndiyo ulikuwa unataka kuwaambia?"

"Ndiyo ilikuwa hotuba yote," Rashid akasema, akafunga kompyuta. "Mzee wenu yuko wapi? Nilitaka kumsalimia."

Baba alikuwa ameshapanda pikipiki, vumbi lake liko getini.

Ebei yuko chuo sasa. Sijamwambia juu ya ile picha ya mwisho, na wewe ukimwona usimwambie. Chuo kikifunga anakuja kusomea cheti, na anabadilisha nenosiri la waifai ya nyumbani kila Jumatatu na hanipi mpaka Jumatano, na mimi silalamiki, naenda nalala mapema kama mtu mwadilifu. Nimeapa sitagusa waya wa rangi yoyote, na sitamsaidia mtu yeyote kabla sijamuuliza yule mwingine amepanga kusema nini. Soksi nabadilisha kila siku.

Na baba, kila akija kutoka Gotu, asubuhi kabla sijaenda shule anakaa mlangoni kwa kigoda chake na kuniambia, "Tembea kidogo nione." Natembea mpaka kwa geti na kurudi, majirani wanatazama, na mpaka aseme sawa siendi popote.