Barua moja kwa watu kumi na nane

Admin, jina yangu uifiche muzuri, juu hapa Kisangani hakuna mufanyabiashara wa kutoka Kivu mwenye hanijue. Niko na miaka makumi saba na ine. Nilisoma paka ya pili primaire tu, lakini niliuzisha chumvi na sabuni kuliko wenye diplome, na haya ninaandika mimi mwenyewe, kidole moja, leo siku ya tatu. Majina ya watu nimebadilisha.

Bon. Wakati wa vita mto ilikuwa imefungwa, poste ilikuwa imekufa. Ilibaki bureau moja karibu na soko, yenye antena ya satellite, ya kutuma email. Wengine walilipa kila message, bei kali. Mimi nilichukua abonnement: messages makumi mbili kwa mwezi. Katika avenue yetu nilikuwa peke yangu, na nilitembea na karatasi ya ile abonnement mukononi kama mutu aliyebatizwa jana.

Kwa bonane, mwaka mupya, nilimwambia Béa, binti aliyeandika kwenye machine pale, anitumie salamu kwa ndugu na marafiki kumi na nane wa Butembo, Goma na Kampala. Maneno yalikuwa mamoja kwa wote: niko hai, magazini yangu ya chumvi iko wazi, vita haikuniweza.

Béa akasema: "Papa, hapa kila mutu mwenye kupokea anahesabiwa message moja. Utabaki na mbili tu kwa mwezi muzima."

"Barua ni moja!"

"Ni moja, papa, lakini inaenda kwa watu kumi na nane."

"Padri akihubiria watu mia, amehubiri mara mia? Munataka kuniiba. Tuma!"

Watu waliokaa kwenye banc kungoja zamu walicheka sana, nami nikasikia utamu. Zile mbili zilizobaki nilizituma kesho yake, kuuliza watu wa Kampala kama salamu zangu ziliwafikia.

Mwisho wa ule mwezi shemeji yangu Mama Kavira, mujane wa mudogo wangu, alikuja kwangu. Jicho lake moja lilikuwa limekufa, la pili lilianza kuuma. Daktari alisema Goma, na haraka. Huko Bangboka, kwa uwanja wa ndege, walimupa nafasi katika ndege ya mizigo, kati ya magunia. Ilibaki kujulisha mutoto wake Paluku, aliyekaa Goma, amungojee uwanjani na amuingize hospitali. Nikamwambia: "Shemeji, usilipe hata franga. Mimi niko na abonnement."

Tukaenda. Alisemesha Béa polepole, naye akaandika: "Mwanangu, nakuja siku ya ine na ndege ya mizigo. Unishike mukono, sioni muzuri."

Béa aliinama sikioni mwangu: "Papa, limite yako imejaa. Hii itangoja kwa machine paka mwezi mupya. Ao lipa supplément ya message moja, itoke sasa."

Pesa ilikuwa mufukoni, ninaapa. Lakini wale wa banc walikuwa pale, wale wale. Kulipa ilikuwa kukubali mbele yao kama Béa alikuwa na haki. Nikasema kwa sauti: "Sawa, weka."

Shemeji akauliza: "Imeenda?"

"Imekwisha fika. Email haina miguu, shemeji."

Alifika Goma, hakukuta mutu. Alikaa siku mbili juu ya mizigo, mama mumoja muuza chai ndiye alimupa mukeka. Hospitali ilimuuliza jamaa wa kumusimamia, hakuwa naye. Akarudi na ile ile ndege. Nyuma ya majuma machache jicho la pili likafungwa. Paka leo anajua mutu kwa sauti.

Mwezi mupya ulipoanza, Béa alinipa facture, karatasi ya hesabu. Nilimuomba anisomee kwa sauti ndogo. Chini kabisa iliandikwa: message ya Mama Kavira ilingoja, imetoka leo. Niliificha ndani ya kopo ya maziwa. Nimekwisha ichoma mara nyingi kwa mawazo, kwa mukono bado.

Njia ilipofunguka, Paluku alikuja. Jamaa yote ilikaa kwangu, juu mimi ndiye mukubwa. Akapiga magoti: "Papa mukubwa, ile message ilinifikia mama amekwisha rudia. Nilikimbia paka uwanjani na viatu mukononi."

Wote wakanigeukia, maana mujuzi wa email nilikuwa mimi. Nilisema: "Email inafika palepale. Mutoto anadanganya."

Mama Kavira aligeuza uso. Tukamukata Paluku fini ya mbuzi, malipo ya kosa. Nyama niligawanya mimi. Maini nilikula mimi, ndiyo sehemu ya mukubwa.

Toka ile siku mama na mutoto hawasalimiane. Sasa siku ya posho, ni kusema Jumamosi, binti ya Paluku analetewa mahari, hapa kwangu. Binti anataka baraka ya nyanya yake, na nyanya anasema: "Siwezi kubariki damu ya mutu aliyeniacha kati ya magunia." Jana Paluku alileta mbuzi ingine ya kuomba samaa, mama amusamehe, akaifunga kwenye mulango wangu. Anaomba samaa ya kosa langu, na nywele zake zimekuwa nyeupe.

Magaribi Mama Kavira alinishika mukono akasema: "Shemeji, wewe peke yako hukuniacha."

Ninyi wenye kusoma kunipita, nishaurini. Nimwambie yeye peke yake kwanza, ao nitoe hii facture mbele ya jamaa yote, Paluku aisome kwa sauti na watu wanicheke kwa haki? Nisianze kujitetea, ninajijua, nikianza kusema nitajisifu. Jibuni mbele ya posho. Mbuzi iko inalia pale inje, na mimi sijui kama niko na haki hata ya kuipa maji.