Kifungo cha Shati Kwenye Kompyuta ya Baba

Baba yangu alizikwa Ijumaa. Jumatano iliyofuata, saa tano asubuhi, aliniambia mbele ya fundi kwamba chai niliyopika ni maji ya kusuuzia vikombe.

Sauti ni yake kabisa. Ule mkwaruzo wake, ule mwisho wa sentensi anaoupandisha kama bado anataka mtu aongeze bei.

Nilikaa sakafuni, kwenye kibanda cha watu, nikalia bila aibu.

Si mzimu, msinikimbie. Huwa siandiki mambo marefu humu, lakini hili limenikaa kooni na nyumbani siwezi kulisema. Mtajua kwa nini.

Baba alikuwa mnadi. Miaka thelathini na mbili alisimama juu ya meza akiuza vitu vya watu: makabati, vitanda, majokofu yanayovuja.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatuuu... imekwenda!"

Halafu nyundo. Ko, ko, ko.

Mama anasema alikwenda mnadani kutafuta kitanda, akarudi na mume. Kitanda walikuja kununua baadaye.

Macho ya mama yalianza kufifia nikiwa darasa la sita. Presha ya macho. Siku hizi haoni hata mwanga wa dirishani. Na kusoma hakuwahi kusoma, maana kwao watoto wa kike waliachwa nyumbani.

Kisha likaja koo la baba.

Daktari hakuzunguka. Uvimbe ni mbaya, koromeo litolewe. Ataishi, lakini hataongea tena.

Hebu fikirieni. Baba haongei. Mama haoni. Baba akiandika, mama hajui herufi. Baba akiashiria, mama yuko gizani. Watu waliolala kitanda kimoja miaka arobaini!

Mama aliniuliza swali moja tu. "Sasa mimi nitajuaje kama yupo?"



Mimi ni mchapaji. Nachapa barua na kadi kwenye duka la kutoa kopi. Kwetu, anayejua kuwasha printa ni injinia, kwa hiyo mzigo ukaniangukia mimi.

Jirani wa duka letu ni fundi mmoja wa kike, tunamwita Dada Waya kwa sababu nywele zake anazibana kwa waya wa umeme. Hana hata bango, lakini mikono yake ni dhahabu. Nilimweleza. Akakuna kichwa, akasema, "Mzee bado ana sauti?"

"Ana wiki tatu."

"Basi tuwahi."

Alichukua kompyuta yangu chakavu, akaitengenezea kaprogramu kadogo. Baba anarekodi sentensi kwa sauti yake mwenyewe. Baadaye, akishanyamaza, anaichagua sentensi kwenye orodha, anabonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia, Enter, kompyuta inaisema. Ukikibonyeza tena, inarudia ileile ya mwisho.

Tulirekodi siku kumi na moja. Sentensi mia nne na kumi na mbili.

"Nani kazima feni?" "Mke wangu, leo umependeza." "Usinifunike, nasikia joto." Ile ya chai aliirekodi kwa ajili yangu, huku akinitazama usoni. Na nyingine fupi, ya kila siku: "Narudi sasa hivi, mke wangu."

Akafanyiwa upasuaji. Akanyamaza. Na nyumba haikunyamaza.

Nikitoka kazini nawasikia tangu mlangoni wanabishana. Mama anafoka, kompyuta inajibu. Kikibaki kipande kimoja cha mkate, baba anabonyeza, "Mara ya tatuuu... imekwenda!" na kipande kimeshaliwa. Mama anacheka hadi anashika mbavu.

Siku moja niliona kifungo cha shati kimegandishwa kwa gundi juu ya kile kitufe kikubwa. Nikajua vidole vya baba vinateleza. Sikuuliza.

Laiti ningeuliza.

Halafu zikaanza zile apdeti.

Mnazijua. Unafanya kazi yako, kidirisha kinatokea katikati ya kioo: toleo lako la mfumo linakwisha muda, pandisha sasa. Chini kuna "Sawa" na "Nikumbushe baadaye".

Nikabonyeza baadaye. Kesho yake kikarudi. Nikabonyeza baadaye. Kikawa kama mgeni asiyeelewa kwamba watu wanataka kulala. Kompyuta yangu, umeme wangu, halafu kuitumia hadi niombe ruhusa kwa watu nisiowajua! Nilikuwa nakitukana peke yangu pale sebuleni.

Baba nilimfundisha: "Kikitokea hiki, usiguse Sawa. Soma kwanza." Akaitikia kwa kichwa, ameelewa.

Dada Waya alinionya kabla. "Dada, hiyo mashine ni mzee. Toleo jipya hailiwezi, litaiua. Tuhame. Kuna mfumo mwingine, wa bure, unatengenezwa na watu wa kujitolea. Mwepesi, na haumlazimishi mtu. Kaprogramu ka mzee kanakubali kabisa huko."

"Wa bure?" nikacheka. "Vya bure vina mitego."

"Nipe asubuhi moja tu."

"Mwisho wa mwezi," nikasema.

Kusema kweli niliogopa. Niliogopa akigusa kitu sauti ya baba itapotea. Basi nikaendelea kubonyeza baadaye, baadaye, baadaye. Miezi minne.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea mwenyewe.

Jumatano moja nikatoka kazini, nyumba kimya.

Kioo cha kompyuta kimekuwa cha buluu. Vidoti vinazunguka. Asilimia sabini na tatu. Usizime kompyuta yako.

Tulikula, bado sabini na tatu. Kukakucha, sabini na tatu. Nikaizima, nikaiwasha. Giza tupu.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilisimama katikati ya sebule nikapaza sauti.

"Nani kabonyeza? Nauliza, nani kabonyeza Sawa?"

Mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono magotini. Akafumbua mdomo, kama anataka kusema kitu.

Baba akamuwahi. Alinyakua daftari, akaandika haraka, kwa herufi kubwa.

NI MIMI.

Nikasoma kwa sauti. "Ni wewe? Baba, ni wewe? Nimekufundisha mara ngapi? Macho unayo, herufi unazijua, umeshindwa nini kusoma kabla ya kubonyeza?"

Macho unayo. Nilisema hivyo mama akiwa palepale.

Baba akainamisha kichwa. Mtu aliyewahi kunyamazisha soko zima kwa neno moja, kainamisha kichwa mbele yangu. Akaandika tena: Nisamehe, mama. Huwa ananiita hivyo, mama.

Hilo sikulisoma kwa sauti. Nilitoka, nikabamiza mlango.

Kwa Dada Waya niliona haya kurudi. Alinionya, nikamcheka, sasa nirudi na sura gani? Nikaipeleka kompyuta kwenye duka kubwa la vioo, la mafundi wenye mashati meupe. Kijana wa mapokezi akaibandika karatasi yenye namba.

"Kuna foleni. Njoo Jumatatu."

Jumatatu: "Njoo Alhamisi." Alhamisi: "Dada, huenda tukafuta kila kitu, uko tayari?" Nikasema hapana, msifute. "Basi subiri bosi arudi."

Huku nyumbani wazee walijipangia lugha yao. Baba anagonga ubao wa kitanda. Mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana.

"Ukigonga tatu nitajua umeniuza," mama akamwambia. Baba akacheka ile ya kutikisa mabega tu.

Lakini kugonga si kuongea, jamani. Kugonga kunajibu tu ulichoulizwa. Mama alikuwa anauliza mpaka anachoka. Una njaa? Ko. Nikukune mgongo? Ko. Unaumwa?

Ko, ko.

Alikuwa anaumwa. Uvimbe ulikuwa umerudi, na yeye alijua.

Nilikuwa namsalimia asubuhi, naondoka. Kinyongo bado kilikuwa kifuani. Sikuwahi kukaa naye tena kwenye ile meza.

Siku ya kumi na sita, Alhamisi, saa tisa alasiri, nachapa kadi za harusi ya mtu. Simu ikaita. Mama.

"Njoo."

"Kuna nini, mama?"

"Baba yako amegonga mara tatu."

"Labda umehesabu vibaya, mama."

"Nimehesabu," akasema. "Njoo, mwanangu."

Nilifika akiwa bado amemshika mkono.

Ijumaa tukazika.

Jumatano nikaenda lile duka la vioo. Kompyuta ilikuwa rafuni palepale, na karatasi yake ya namba. Hakuna aliyeifungua. Nikaibeba hadi kwa Dada Waya, nikaiweka mbele yake.

Hakunisuta. Alisema "pole" tu, akaipokea.

Akachomeka flashi. Mashine ikawaka kwa ule mfumo wa bure, moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa kitu ndani. Akafungua diski ya kompyuta, akaingia kwenye folda la baba.

"Zipo," akasema. "Zote mia nne na kumi na mbili. Haijapotea hata moja."

Akawasha ile programu, akabonyeza sentensi yoyote, kujaribu tu. Ndipo baba akaniambia ile ya chai.

Nilipomaliza kulia nikauliza, "Umetumia muda gani?"

Alisita. "Nusu saa hivi."

Nusu saa. Mama alikaa siku kumi na sita bila sauti ya mumewe, na dawa ilikuwa nusu saa, kwenye kibanda kilichogusana ukuta na duka langu. Baba akafa wakiwa wanagongeana mbao.

Nilidhani uchungu umeishia hapo.

Dada Waya akaniita karibu. "Njoo uone. Hii programu huwa inaandika kila sentensi iliyosemwa, na saa yake. Siku moja kabla ya kuharibika, Jumanne, kuna kitu sikielewi."

Nikaangalia.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili asubuhi: Narudi sasa hivi, mke wangu. Saa tatu na hamsini na tatu: Narudi sasa hivi, mke wangu. Hamsini na nne, ileile. Hamsini na tano, ileile.

Mara ishirini na sita.

Ya mwisho ni saa nne na dakika kumi na nne. "Na dakika hiyohiyo ndipo apdeti ilianza kupakua," akasema. "Kidirisha kimejitokeza, na mtu akabonyeza kile kitufe kikubwa. Kwenye kidirisha, kitufe hicho ni Sawa. Mzee alikuwa anarudiarudia nini?"



Jumanne ile asubuhi baba hakuwa nyumbani. Alikuwa kliniki. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka, nikaomba ruhusa kazini, tukakaa benchi moja hadi saa saba.

Nyumbani alikuwapo mtu mmoja tu. Mtu asiyeona kidirisha. Mtu anayekipapasa kitufe mpaka akikute kifungo cha shati, akibonyeze, amsikie mumewe.

Kifungo kile hakikuwa cha vidole vya baba. Baba alimgandishia mama, ili mama asibaki kwenye ukimya yeye akiwa hayupo.

Aliposikia nafoka, alijua palepale ni nani. Akamwona mama anafumbua mdomo. Akamuwahi.

Ni mimi.

Na mimi nikamwambia macho unayo.

Jioni nikairudisha kompyuta nyumbani, mfumo mpya, vidirisha hakuna. Nikaiweka mezani pake, nikachagua ile sentensi fupi. Mama akasogea, akapapasa, kidole kikatua kwenye kifungo.

"Kipo," akasema.

Akabonyeza.

"Narudi sasa hivi, mke wangu."

"Muongo wewe," mama akamjibu. Akacheka, halafu akalia, nami nikamshika mabega.

Baadaye akatulia. Akauliza taratibu, uso ameuelekeza ukutani.

"Mwanangu, hii mashine iliharibika siku gani?"

"Jumatano, mama."

"Si Jumanne?"

"Jumatano. Baba si alikiri mwenyewe? Ulisikia."

Akashusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa gunia.

"Ah, Mnadi. Alikuwa na pupa ya vidole yule."

"Alikuwa nayo, mama."

Ndiyo hivyo wakubwa. Wekeni vitu vyenu sehemu mbili. Mtu akikuonyesha njia nyingine kabla hujakwama, msikilize, hata kama hana bango. Na kabla hujamfokea mtu wa nyumbani kwako, jiulize kwanza saa ile alikuwa wapi. Mimi jibu nilikuwa nalo, nilikaa naye benchi moja.

Baba yangu hakubonyeza. Nataka iandikwe mahali, hata kama ni humu tu. Siwezi kumsafisha yeye nyumbani bila kumvunja mama, na yeye mwenyewe alishachagua.

Mama hasomi. Kama unatujua, na umefika hadi hapa, nakuomba kitu kimoja.

Usimsomee.