K Iliyovunjika Kijiguu

Sipendi kuulizwa kwa nini sinunui kahawa ya kopo. Wa nyumbani kwangu wanajua, wanaificha. Mgeni ndiye hupata majibu makali, halafu anabaki kushangaa amekosea nini. Basi leo nieleze, yaishe.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa mjini Arusha. Kila neno tulilipanga kwa mkono, herufi moja moja za madini ya risasi, zimegeuka kama kwenye kioo, kisha tunazibana katika fremu ya chuma na kuzipaka wino. Herufi za kawaida zilikuwa tele. Lakini kasha moja lilikaa peke yake juu ya kabati, nalo lilikuwa la herufi kubwa za mapambo, tulizoziita herufi za maua. Kila moja ilikuwa na mwili mnene uliochongwa mzabibu ndani yake, na kila ncha iliishia kwenye kijiguu chembamba kilichopinda kwa madaha. Hazikuwa za kuandikia habari. Ukipanga sentensi nzima kwa herufi zile, msomaji ataona bustani, maneno hatayaona. Zilikuwa za jina tu, au neno moja la juu: kadi za harusi za walowezi, vyeti vya ubatizo, lebo. Tena zilikuwa chache. A tulikuwa nazo kadhaa. K ilikuwa moja.

Na jina la mchumba wangu lilianza na K.

Alikuwa binti wa mkulima wa kahawa na migomba, huko mlimani juu ya Usa River. Jumamosi moja alitoka sokoni akapitia kiwandani, akanikuta nikipanga kadi ya harusi yetu. Alitaka jina lake liwe la maua, na fundi mkuu alikuwa ameniruhusu.

"Kumbe kazi yenyewe ni kusoma kinyumenyume!" akasema. "Ndiyo maana na wewe hueleweki."

Akaichukua ile K aitazame vizuri. Ikamponyoka, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, kijiguu chake cha chini kikavunjika. Nilifoka, maana ndivyo nilivyo. Yeye akaipuliza vumbi na kunirudishia.

"Acha makelele, bwana. Itachechemea kidogo tu, lakini kanisani itafika."

Nilicheka, ningefanyaje?

Matangazo ya ndoa yalikuwa yameanza kusomwa kanisani. Mara kahawa ikawahi kuiva. Baba yake akaniita, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akasema harusi ingoje mavuno yaishe. Kule mlimani hakuna aliyebisha neno kama hilo. Wakati wa kuchuma, kila mkono unahitajika shambani, na wa bibi harusi vilevile. Nilikubali kwa mdomo. Nikafuta tarehe kwenye kadi, nikaifunga kazi nzima kwa uzi, nikaiacha rafuni imesimama hivyo hivyo. Ilibaki tarehe tu.

Mwezi wa saba Mlima Meru hauonekani kwa ukungu, na majani ya kahawa hutiririka maji mpaka mchana. Alichuma akiwa amelowa, siku baada ya siku. Kikamshika kichomi. Walipomfikisha hospitali alikuwa hawezi hata kuongea. Tukamzika kwao, migombani, na magunia ya kahawa yakiwa bado uani.

Niliporudi kazini, jina lake lilikuwa rafuni, limesimama. Nikawa naligusa kila asubuhi kabla ya kuvaa aproni. Hapakuwa na kitu kingine chake nilichoweza kukigusa.

Ikaja kazi ya lebo za makopo ya kahawa. Mwenye kiwanda cha kahawa alitaka neno KAHAWA kwa herufi za maua, na K ilikuwa imefungwa kwenye jina la marehemu. Nilimsihi fundi mkuu. Jamani, nilimsihi! Alikuwa mtu mwema, hata machozi yalimlengalenga, lakini akasema, "Mwanangu, hii ni mali ya kazi. Ibomoe wewe mwenyewe, mimi sitaweza."

Kwanza nilipaka wino, nikapiga kadi moja tu, mahali pa tarehe pakiwa wazi. Kisha nikafungua uzi. Herufi zikaegemeana, zikalala, jina likawa si jina tena. Nikazirudisha kwenye kasha moja moja, isipokuwa K, iliyokwenda moja kwa moja kwenye KAHAWA.

Kadi ile nilimpelekea baba yake. Aliishika mikono miwili, akalipapasa jina.

"Laiti ningewaachia muoane kabla ya mavuno," akasema.

Nilikuwa nimepanda mlimani na maneno makali ya kumwambia. Nilipomwona anavyoipapasa, sikuyasema. Sikuwa na moyo wa kumwomba anirudishie, nami sina nyingine.

Baada ya wiki chache nilipita barabara ya Moshi, nikakuta lori linapakiwa maboksi ya makopo, kila boksi limebandikwa lebo ile ile ya makopo. Nikasogea. K ilikuwa pale, yenye mzabibu wake, haina kijiguu cha chini. Boksi la pili hivyo hivyo. Na la tatu. Lori zima lilikuwa yeye, na linaondoka.

Nikalia barabarani, mbele za watu. Dereva akachungulia dirishani, akaniuliza kama nimeibiwa.

Nikamjibu ndiyo.