Zulia Lililotoka Syokimau

Dada yangu hakuwahi kuketi sebuleni kwangu. Akifika Mumbuni alishuka garini, akanikumbatia, kisha akavuta kiti cha plastiki hadi barazani. "Tukae hapa nje," alikuwa akisema. "Sisi kule Syokimau jua tunaliona kwa dirisha tu." Mwanawe naye aliambiwa acheze uani. Mimi nilicheka, nikawaletea chai hukohuko, na moyoni nikajisifu kwamba mtoto wa mama yangu hajaharibiwa na pesa. Mtu mwenye nyumba ya vigae anafurahia kukaa kwenye baraza langu la saruji na kutazama kuku wa jirani! Nilimpenda zaidi kwa sababu hiyo. Nikikumbuka leo natamani kujizaba kofi.

Zulia alinipa yeye, wakati alipobadilisha vyombo vya nyumba yake. Kwetu mambo ndivyo yanavyokwenda: aliye karibu na Nairobi akinunua kipya, cha zamani kinarudi nyumbani, na wa nyumbani anashukuru. Nilikuwa nimeshapokea pazia, meza yenye mguu mmoja mfupi, na sufuria isiyo na kifuniko. Lakini zulia hili lilikuwa jambo lingine. Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, nyuzi zake ndefu na nene, ukikanyaga mguu unazama. Nililitandika likafika ukuta hadi ukuta, nikaweka makochi juu yake, na sebule yangu ikawa sebule ya mtu. Akina mama wa jumuiya walipokuja kusali walisimama mlangoni na kuuliza kama wavue viatu. Niliwaambia waingie tu, huku macho yangu yakiwasihi wavue. Walivua.

Nililitunza kwa njia niliyoijua. Tulilelewa Kathiani, katika nyumba ya sakafu ya udongo. Asubuhi, kabla hujagusa ufagio, unachota maji kwa kikombe, unachovya vidole, unanyunyiza chumba kizima ili vumbi lisiruke. Mama alitufundisha mimi na dada yangu pamoja, na aliyesahau alichapwa kwa ufagio uleule. Basi zulia nikalifanyia vivyo hivyo. Kila asubuhi nililinyunyizia maji, nikalifagia kwa ufagio mgumu, kisha nikafunga madirisha, maana barabara yetu haina lami na kila gari likipita linatuachia vumbi lake. Harufu ilipoanza, ile ya gunia la mahindi lililonyeshewa, nilinunua manukato ya kupuliza. Nyumba ikanuka maua na gunia kwa pamoja.

Binti yangu alianza kukohoa mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja. Tuliishi wawili tu, mimi na yeye, na alikuwa na miaka minne. Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha kupigwapigwa mgongoni na kupita. Kisha kifua kikaanza kulia. Akicheza kidogo mabega yanapanda na kushuka, na kile kishimo cha shingoni kinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Alikuwa mtoto wa kuimba kutwa nzima, mpaka majirani wakawa wananitania kwamba nimezaa redio. Akaacha kuimba. Nilipomuuliza kwa nini, alisema wimbo unammalizia hewa.

Daktari alisema ni pumu. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, kisha akaniuliza kama tunapika kwa makaa ndani, kama yupo mtu anayevuta sigara, kama tunafuga paka. Alisema katika hewa ya nyumba kuna kitu kinachomchokoza mtoto, nikitafute nikiondoe. Nilirudi nyumbani nikatangaza vita. Jiko la makaa nililitoa nje, nikawa nasonga ugali mvuani huku nimeshika mwavuli kwa mkono mwingine. Mito ya makochi nikaianika. Paka, ambaye binti yangu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, nilimtia kwenye kikapu nikampeleka Kathiani kwa mama, na mtoto akalia mpaka kilio chenyewe kikambana kifua. Zulia nikalizidishia maji. Kama adui ni vumbi, nilijiambia, dawa ya vumbi nimefundishwa tangu utotoni.

Haya yote nilimweleza dada yangu kwa simu, karibu kila jioni. Nani mwingine ningemweleza?

"Pole, mwiitu wa mwaitu," aliniambia, yaani binti wa mama. "Hawa watoto wa siku hizi vifua vyao ni vyepesi. Hata wangu alikuwa hivyo, na akaacha."

"Aliacha aje? Ulimpea nini?"

"Aliacha tu. Mungu ni mwema."

Nikamshukuru Mungu kwa niaba ya mwanawe, nikaendelea kumwombea wangu.

Jumamosi moja alinipitia mapema akielekea Kathiani kumwona mama. Alinikuta nimeinama katikati ya sebule, kikombe mkononi, nikinyunyiza. Alisimama nje ya kizingiti akanitazama kwa muda. Nilidhani ananitazama kwa upendo.

"Aiya! Bado unafagia kama mwaitu?" akasema.

"Tulizoeshwa na kiboko," nikamjibu, na sote tukacheka. Kisha akaenda kuvuta kiti chake cha plastiki.

Ukweli nililetewa na mumewe, mtu mwema anayekuja kwangu kwa nadra. Jumapili moja walikuwa wakitoka Kathiani na mvua ikawakuta mlangoni kwangu. Dada yangu alitaka wabaki garini mpaka ipungue. "Kwani shemeji hana nyumba?" mumewe akamuuliza, akakimbia ndani. Alivua viatu, akapiga hatua, akasimama. Akatazama miguu yake.

"Si hii ndio ile kapeti yetu?"

Dada yangu alikuwa amemfuata, lakini amekwama barazani, mvua ya upepo ikimpiga mgongoni.

"Uliniambia uliitupa," mumewe akamwambia.

Shemeji akanigeukia mimi, na kwa moyo safi kabisa akaanza kunionya.

"Shemeji, toa hii kitu leo. Karibu tumzike mtoto. Huyu dada yako alikuwa anaimwagia maji kila asubuhi, ati vumbi isiruke, ikaoza huko chini. Daktari alituambia tuitupe, na tusipee mtu."

Nilisukuma kochi, nikashika pembe ya zulia, nikalifunua. Chini yake sakafu ilikuwa imelowa. Mgongo wa zulia ulikuwa na kuvu nyeusi, madoa kwa madoa yameungana, na ile harufu ya gunia ikanipanda puani bila maua yoyote ya kuificha. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba cha kulala, akikohoa.

Nilitoka barazani kwa dada yangu.

"Ulijua?"

"Ilikuwa kapeti nzuri," alisema. "Ningeitupa aje? Na nilifikiria huku kwenu ni milimani, kuna hewa."

"Na siku ile ulinipata na kikombe? Ukacheka?"

Aliangalia kuku wa jirani. Hata kuku walikuwa wamejificha mvua, lakini aliangalia pale wanapokuwaga.

"Ningesema, ungeniuliza nimejua aje," alijibu.

Mwanamke huyu na mimi tulichapwa kwa ufagio mmoja. Alifanya kosa lilelile, likamfikia mwanawe kifuani, mtoto akapona kwa sababu yeye aliambiwa. Mimi alinitazama nikilirudia, mtoto wangu akikohoa chumba cha pili, akanyamaza ili asiaibike. Nilimchukia. Nasema hivyo bila kupunguza, nilimchukia pale barazani kwa moyo wangu wote.

Shemeji na mimi tuliliburuta zulia mpaka nje. Lilikuwa zito kwa maji yangu mwenyewe. Dada yangu alirudi garini kukaa na mwanawe, akafunga mlango.

Siku hizi sakafu yangu ni saruji tupu. Naipangusa kwa kitambaa kibichi, naifungulia madirisha alfajiri kabla magari hayajaanza kupita, na saruji inakauka upesi. Dawa ya kuvuta bado iko kabatini, lakini haishuki mara kwa mara kama zamani. Redio ya majirani imerudi hewani. Paka hatukumpata tena, ameshazoea maziwa ya Kathiani na akituona anatupa mgongo. Mama ananibembeleza nisamehe, kwamba ndugu hawaachani kwa sababu ya kapeti. Namwambia kapeti nimeshaisamehe.

Juzi dada yangu alikuja. Nilipoliona gari nilitoa kile kiti cha plastiki nikakiweka barazani, kwa mazoea, au labda kwa ubaya, sijui. Alinikumbatia. Kisha akakipita kiti, akavua viatu mwenyewe mlangoni, akaingia sebuleni na kuketi kwenye kochi kana kwamba amekuwa akiketi hapo miaka yote. Akamwita mwanawe, ambaye hajawahi kuvuka kizingiti changu. Mtoto akaingia na penseli zake, akalala kifudifudi sakafuni akaanza kuchora, na mama yake hakumkataza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai.

"Hapa kwako kumekuwa kuzuri," akasema. "Sasa mtu anaweza kupumua."