Nesi Aliyeomba Kukaa Jikoni

Juzi niliingia ua mmoja huku Bugarama, begi la kazi begani na mzani mkononi, nikamkuta bibi mmoja ameketi na mjukuu mapajani. Shikamoo yangu aliiitikia vizuri tu. Lakini nilipopiga hatua kumsogelea, aliinuka, akamkabidhi mtoto kwa binti yake aliyekuwa akifua, ndipo akageuka kunitazama. Binti alicheka, akasema mama yake anawaonea haya wageni. Mimi sikucheka. Haya naijua, na ile haikuwa haya.

Mimi ni nesi wa watoto, wa kutembelea majumbani, na nakuambia wewe kama ningemwambia mtu niliyekua naye: kazi hii haimfai anayeamini kila anachoambiwa. Ukiambiwa mtoto anakula vizuri, chungulia sufuria. Chuoni walinifundisha mengi, ila kushuku nilikwenda nako kutoka nyumbani. Kwetu kuna kipindi kila mtu alimshuku mwenzake, na katikati yetu mtoto mmoja alikuwa anakonda.

Tulikaa upande huu huu wa machimbo, nyumba ya tofali za udongo na jiko la nyasi nyuma yake. Baba alikuwa mchimbaji mdogo, mama alikaanga maandazi ya kuwauzia wachimbaji. Bibi, mama mzaa baba, aliletwa kutoka Samuye mdogo wangu alipozaliwa, aje kusaidia kulea. Alikuja na ungo wake, kuku wake na gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikifumba macho sasa hivi naisikia harufu ya michembe ikichemka na karanga, na kwa mbali makarasha yakisaga mawe mchana kutwa hata ukayazoea, ukawa unashtuka yanaponyamaza. Kazi yangu ilikuwa maji asubuhi na kuni jioni. Nikirudi na kuni nilimkuta bibi jikoni, mguu mmoja kaunyoosha, mtoto kamlaza juu yake, anamwimbia Kisukuma kwa sauti ya puani. Ukinitaka niseme utoto wangu ulikuwa wapi, ulikuwa jikoni humo.

Macho ya bibi yalikuwa mekundu. Huko Samuye kuni ni za kutafuta, wakawa wanapikia samadi ya ng'ombe, na moshi wa maisha mazima ukamkalia machoni. Huku kwetu unajua mwenyewe macho mekundu ya mwanamke mzee yamewahi kuleta nini: kuitwa mchawi, kisha panga usiku. Mama aliyaona siku ya kwanza.

Mdogo wangu alizaliwa mnene, mashavu ya kubanwabanwa. Kisha akaanza kukonda. Ziwa alilikataa, akawa analia kilio cha mtu mzima aliyechoka, anatoka jasho hata wakati wa baridi. Viganja vikawa vyekundu vikibambuka ngozi. Jirani yetu, mama mmoja ambaye hakupitwa na jambo, alikuja kuazima chumvi, akamwangalia mtoto, akamwangalia bibi, akamwambia mama pale mlangoni, "Kikulacho ki nguoni mwako." Chumvi yenyewe akaisahau.

Tangu hapo mama alianza kuchunguza, na alichokiona ndicho kilichomtisha zaidi. Siku mtoto aliposhinda naye kwenye maandazi, alipata angalau usingizi. Akishinda na bibi, hali ilizidi. Tena mikono ya bibi ilikuwa imeanza kutetemeka, chai inamwagika kwenye kisahani, na jirani alishasema mikono ya namna hiyo ni ya mtu aliyeshika visivyoshikwa. Mama akaacha kumpigia bibi magoti asubuhi. Alisema "Mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, amesimama, anatazama pembeni. Bibi aliitikia "Mwangaluka, mayu," yaani mama, kama kawaida, lakini alijua. Sisi watoto tulijua pia. Mtoto akifa, bibi hataulizwa neno. Wataulizana tu nani wa kumshughulikia.

Ndipo nesi akaanza kuja. Alitoka zahanati kwa baiskeli, mwanamke mrefu, mpole, asiye na haraka. Alifunga mzani wake kwenye boriti ya kibaraza, akamtia mdogo wangu kwenye kile kikaptula cha kuning'inizia, akasoma mshale, akaandika. Bibi hakumpenda. Kwao watoto hawahesabiwi kwa sauti, seuze kupimwa. "Anayemtundika mtoto kwenye ndoano anapima nini kama si mnofu?" alininong'oneza. Baba ndiye hakumtaka kabisa. Huku mwenye mzani ni mnunuzi wa dhahabu, na mwenye maswali katumwa na mtu. Yeye aliamini yule nesi katumwa.

Nesi aliuliza maswali ya ajabu. Mtoto analala upande gani? Maji mnateka wapi? Mama akamvuta nyuma ya nyumba, mimi nikiwa napepeta mchele karibu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nesi, mimi sisemi mtu. Ila akiwa na bibi yake ndiyo anazidi."

Nilitegemea nesi akemee, aseme hayo ni mambo ya kizamani. Hakukemea. Alifikiri, akauliza, "Na bibi anakaa naye wapi?"

"Jikoni. Kutwa wako jikoni."

"Basi nami nitakaa jikoni."

Mgeni kwetu hukaribishwa kiti barazani, anakunywa maji, anaulizwa habari za atokako. Jikoni ni kwa mwenye jiko. Bibi aliposikia ombi lile alikaza uso. "Mgeni njoo mwenyeji apone," alisema, "lakini huyu anataka kuanzia kwenye mafiga." Hata hivyo alimsukumia kigoda. Nesi akaketi, akaomba bibi apike ugali kama siku zote, yeye atazame tu. Sijaona ugali uliosongwa kwa hasira kama ule. Nesi aliiangalia mikono ya bibi ikitetemeka juu ya unga, akaangalia viganja vya mtoto, akaangalia juu, chini, nyuma ya mafiga. Nilikuwa naye mle ndani nikaona macho yake yanasimama penye koleo bovu la mchanga lisilo na mpini, limeegemezwa ukutani, katikati limeungua rangi ya ajabu.

"Bibi, hili la nini?"

"La mwanangu. Anachomea mzigo wake."

Bibi alijibu hivyo hivyo, bila kupepesa, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Nami nikaelewa nusu. Baba hakuwa anachomea mwaloni, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu. Alisema mwaloni kuna macho mengi. Akishakamata dhahabu yake kwa zebaki, donge alilifunga kwenye kitambaa akaja nalo nyumbani, zebaki iliyobaki ikiwa kwenye kichupa mfukoni mwa shati. Alitufukuza jikoni wote, mama akiwamo, akaliweka donge kwenye koleo juu ya moto mpaka zebaki iruke ibaki dhahabu. Katika dunia nzima alimwamini mtu mmoja, mama yake. Bibi ndiye aliyeketi mlangoni kwa ndani, mgongo wake ukiwa ndio mlango, mtoto mapajani.

Baba aliporudi alimkuta nesi angali pale. Alifoka. "Nani kakutuma? Unataka nini na dhahabu yangu?"

"Dhahabu ni yako, baba," nesi alisema. "Baki nayo. Mimi naulizia ule mvuke wa zebaki."

"Mvuke gani? Haunuki, hauonekani!"

"Ndiyo maana hamjaukimbia." Akamwonyesha mikono ya mama yake, kisha ya mwanawe, akaiweka pamoja. "Wanaougua hapa ni wawili. Mchawi gani anajiloga na mwenyewe?"

Alitwambia mtoto na bibi waende hospitali kubwa bila kungoja, na jiko lile lisiingiwe tena. Baba alikuwa mtu mkaidi, nadhani hata siku ile hakumwamini moja kwa moja. Lakini aliitazama ile mikono, akatoa kichupa mfukoni, akatoka nacho nje.

Walikaa hospitali kitambo. Mdogo wangu alirudi akiwa mwepesi bado, ila analala, na baada ya muda akadai ziwa kama mwenye haki. Jiko lilibomolewa. Jirani alikuja kuazima chumvi, safari hii akaondoka nayo. Na asubuhi moja mama alimbeba mtoto akaenda alipoketi bibi, akapiga magoti hasa, mpaka chini. "Mwangaluka, mayu," alisema, huku analia. Akamnyooshea mtoto ampakate.

Bibi aliitikia salamu. Ila hakumpokea mtoto. "Mwite kwanza Minza aje akae hapa," alisema. Minza ni mimi. Niliitwa, nikakaa, ndipo akanyoosha mikono.

Nilidhani ni jambo la siku ile tu. Halikuwa. Tangu hapo bibi hakumshika mtoto wa mtu yeyote akiwa peke yake. Nikienda kuteka maji, alimrudisha mtoto kwa mama. Nyimbo zile za puani zilikwisha, maana ziliimbwa walipokuwa wawili tu, na wawili tu hawakuwa tena. Msimu wa mavuno ulipofika aliomba kurudishwa Samuye.

Leo pale kwetu huwezi kujua kulikuwa na jiko. Nimepita, nikaona uwanja wa kupaki malori. Yule nesi naye alihamishwa nikiwa bado shule, nami sikupata kumwambia kazi yake ndiyo niifanyayo. Ninapoomba kuketi jikoni kwa watu na mwenye jiko akaninunia, namkumbuka, nami nangoja kigoda. Juzi Bugarama nilikipata hatimaye, jua likiwa limeshapanda.

Mdogo wangu ni fundi pikipiki mjini, Kambarage, jitu la mabega. Alipopata mtoto wake wa kwanza tulimpeleka Samuye bibi amwone, mwaka ule kabla hajatutoka. Alikuwa amezeeka sana, mikono imetulia siku nyingi. Alifurahi mpaka akacheka kwa sauti. Akajifuta viganja kwenye khanga, akainyoosha mikono, halafu akaishusha.

"Minza, usiondoke," aliniambia. "Kaa hapa unione."

Nikakaa. Akampokea kitukuu wake, akampakata vizuri, na muda wote aliokuwa naye mapajani bibi yangu alinitazama mimi, hakumtazama mtoto.